Nyigu wa Buni

Prorops nasuta ni nyigu mweusi mwenye urefu wa milimita 2 hivi. Usoni ana kipande kilichochomoza mbele, ndiyo maana akaitwa nasuta, neno la Kilatini lenye maana ya mwenye pua kubwa. James Waterston alimweleza kitaalamu mwaka 1923 kutokana na sampuli za Uganda.

Kueleza spishi mpya ni kazi ya subira. Chini ya hadubini huhesabiwa pingili za vipapasio, hufuatwa mishipa ya mabawa, kisha mdudu hulinganishwa na jamaa zake wanaojulikana. Sampuli moja huteuliwa kubeba jina na kuhifadhiwa makumbusho. Pasipo jina, hakuna awezaye kusema kwa uhakika ni nyigu yupi wa kumfuga kwa faida ya mkulima.

Na faida ipo. Katika Milima ya Upare, Tanzania, hulimwa kahawa, na adui mmojawapo wa zao hilo ni mbawakawa mdogo anayetoboa buni na kuzaliana humo. Nyigu jike huingia kwa tundu hilohilo, hula mayai ya mbawakawa, kisha hutaga yake juu ya mabuu waliokomaa. Mwaka 1929 alipelekwa Brazil kutoka Uganda kulinda kahawa ya huko.