Fahamu: Kwa nini picha moja ya DusitD2 iliwakasirisha Wakenya

Januari 15, 2019, magaidi wa al-Shabaab walivamia eneo la hoteli na ofisi la DusitD2 jijini Nairobi na kuua watu 21. Shambulio likiwa bado linaendelea, gazeti la Marekani la New York Times liliweka mtandaoni picha ya maiti zilizoinamia meza za mgahawa. Wakenya walidai iondolewe. Gazeti lilikataa, likijitetea kwamba wasomaji wanastahili kuona ukatili ulivyo, na kwamba hufanya hivyo popote duniani. Hoja hiyo haipuuzwi, kwani ukweli ukifichwa sana, serikali nayo hupata upenyo wa kuficha uzembe wake. Lakini saa ile kulikuwa na jamaa waliokuwa wakipiga simu zisizopokelewa, na shati tu linatosha kumtambulisha mtu kwa mamaye.

Tena si kweli kwamba bila maiti dunia haitaguswa. Baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, Wakenya walisambaza mtandaoni majina na picha za wanafunzi wakiwa hai, wakitabasamu, kwa alama ya #147notjustanumber, iliyotokana na hesabu ya awali ya waliouawa. Msiba ulieleweka, na hakuna marehemu aliyevunjiwa heshima kwa picha hizo. Wapo watakaosema Wakenya wenyewe hurushiana picha za maiti kwenye WhatsApp. Ni kweli, na ni kosa vilevile. Ila chumba cha habari kina mhariri anayelipwa kupima madhara kabla ya kuchapisha, na saa chache za kusubiri familia zijulishwe hazipunguzi ukweli wowote.