Je, Wajua? Gurudumu Linalouibia Moshi Joto Lake

Je, wajua kwamba katika vituo vingi vikubwa vya umeme vinavyochoma makaa ya mawe, moshi hauendi dohani kabla ya kupita ndani ya gurudumu la chuma? Gurudumu hilo laweza kuwa na kipenyo cha mita 15 hata zaidi, na uzito wa mamia ya tani. Huzunguka polepole mno, mara 1 hadi 3 kwa dakika. Ndani limejazwa mabati membamba yenye mikunjo, mengi yasiyozidi unene wa milimita 1 na ushee, yaliyopangwa ili upepo upite baina yake. Nusu moja ya gurudumu inapitiwa na moshi wa moto, nusu ya pili na hewa baridi inayoelekea kwenye moto wa boila. Bati likishapata joto kwenye moshi, linazungushwa hadi upande wa hewa, linaacha mzigo wake huko, kisha linarudi kuchukua mwingine.

Aliyelibuni ni Msweden, Fredrik Ljungström, mnamo mwaka 1920. Vibadilisha joto vya kabla yake vilitegemea zaidi ukuta: huku moto, kule baridi, joto lipenye katikati. Yeye aliona chuma chenyewe kinaweza kulibeba. Mtu huyu na kaka yake Birger hawakuwa na woga wa mawazo ya ajabu. Walipokuwa vijana walitengeneza baiskeli ambayo pedeli zake hazikuzunguka bali zilikanyagwa juu na chini, na tajiri wa baruti Alfred Nobel akaweka fedha zake humo. Baadaye wakaunda tabo ya mvuke yenye rota mbili zinazozunguka kwa kupingana. Baiskeli imesahaulika. Gurudumu la moshi bado linazunguka dunia nzima, na mwaka 1995 Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani kililiingiza katika orodha ya kazi za kihistoria za uhandisi.

Faida yake ni hesabu rahisi. Wahandisi wa boila wana kanuni ya mkononi: kila moshi unapopunguzwa nyuzi joto 20 hivi, ufanisi wa boila hupanda kwa takriban asilimia 1. Sasa chukua moshi unaoingia ukiwa na nyuzi 350 na kutoka ukiwa na 130. Hapo umeokoa kama asilimia 11 ya makaa. Kwa kituo kinachochoma maelfu ya tani za makaa kila siku, hizo ni treni nzima za makaa ambazo hazikununuliwa.

Wazo la kuweka joto akiba ndani ya kitu kigumu, kisha kulichukua tena, ni la zamani kuliko Ljungström. Robert Stirling, mchungaji wa kanisa huko Scotland, alilisajili mwaka 1816 pamoja na injini yake. Mwaka 1857 Mwingereza Edward Alfred Cowper akalipeleka kwenye tanuri za kuyeyushia chuma: minara ya matofali inapashwa kwa gesi, gesi inafungwa, hewa inapitishwa palepale. Lakini humo ni lazima vali zifunguliwe na kufungwa kwa zamu. Gurudumu halina haja ya vali, kwani linajibadilishia zamu lenyewe.

Na ngamia je? Pua yake inafanya kazi iyo hiyo bila kuzunguka. Hewa kavu ikiingia, kuta za pua hupoa. Pumzi ikitoka, hupita juu ya kuta hizo zilizopoa na kuacha humo joto na sehemu ya unyevu. Knut Schmidt-Nielsen, mtaalamu wa fiziolojia mzaliwa wa Norway, aliwapima ngamia na panya wa jangwani na kuonyesha kwamba pumzi yao inaweza kutoka ikiwa baridi kuliko mwili. Ngamia anaokoa maji, kituo cha umeme kinaokoa makaa.

Taabu ya gurudumu ni kwamba kitu kinachozunguka hakiwezi kuzibwa kabisa. Hewa inasukumwa na feni, kwa hiyo shinikizo lake ni kubwa kuliko la moshi, na inavuja kupitia kila upenyo. Nyingine inabebwa tu kati ya mabati hadi ng'ambo. Mvujo wa asilimia 5 hadi 10 ni jambo la kawaida, na feni zinalipia hasara hiyo kwa umeme. Kuna baya zaidi: kwa kawaida moshi huingilia juu, basi uso wa juu hutanuka kuliko wa chini, na gurudumu zima linainama kingoni kama mwavuli. Likiwa na kipenyo cha mita 15, kina cha mita 2 na tofauti ya nyuzi 200 kati ya juu na chini, ukingo hushuka zaidi ya sentimita 3. Mwenye kusanifu vizuizi vya mvujo lazima avipimie umbo la gurudumu likiwa moto, si lile analoliona karakanani.

Kwa nini basi moshi usipozwe hadi uwe vuguvugu? Salfa ndiyo inayokataza. Makaa mengi yana salfa, na moshi wake ukishuka chini ya nyuzi 120 hadi 150, asidi ya salfa huanza kutona juu ya chuma. Mabati ya upande wa baridi hupakwa enameli kama sufuria, na bado ndiyo yanayobadilishwa mapema.

Viwanda vya sukari vinavyochoma makapi ya miwa vinahitaji hewa moto kwa sababu nyingine: karibu nusu ya uzito wa makapi ni maji, nayo lazima yakauke kwanza. Huko wengi hupendelea mabomba yaliyotulia kuliko gurudumu, na sidhani wamekosea.

Hofu kubwa ya waendeshaji ni moto ndani ya gurudumu lenyewe. Boila ikiwashwa kwa mafuta ikiwa bado baridi, mafuta yasiyoungua hunasa kwenye mabati. Yakishika moto na joto likapanda vya kutosha, chuma chenyewe huanza kuungua. Hapo maji kidogo ni hatari kuliko kutokuwa nayo: mvuke ukikutana na chuma kilichowaka hutoa hidrojeni. Ndiyo maana mabomba ya kuzimia moto hufungwa tangu siku ya ujenzi, yakiwa na uwezo wa kulifurikisha gurudumu lote kwa mara moja.