Kabla ya kulipia nyumba Singida: upekuzi, wakili na uhamisho wa hati

Katika Manispaa ya Singida, kama ilivyo katika miji mingi nchini, mauziano ya nyumba mara nyingi huishia mezani kwa mwenyekiti wa mtaa. Fedha zinahesabiwa, mashahidi wanatia saini, muhuri unagongwa, na mnunuzi anaondoka akiamini kuwa nyumba imekuwa yake. Kisheria, kilichofanyika hapo ni makubaliano tu. Kwa nyumba yenye hati, umiliki huhama pale Msajili wa Hati anapoandika jina la mnunuzi katika daftari la usajili. Kabla ya siku hiyo, muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuiweka rehani nyumba hiyohiyo au kuiuza kwa mtu wa pili.

Swali la kwanza la wanunuzi wengi ni waanzie wapi. Waanze na upekuzi rasmi, si na malipo ya awali. Mnunuzi huomba upekuzi kwa Msajili akitaja namba ya hati, na ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Tangu ofisi za ardhi za mikoa zilipoanzishwa mwaka 2020, mkazi wa Singida hahitaji tena kutegemea ofisi ya kanda iliyoko Dodoma. Majibu ya upekuzi huonesha jina la mmiliki, muda wa umiliki, na iwapo kuna rehani au zuio. Nakala ya hati anayoitoa muuzaji mfukoni haiwezi kuchukua nafasi ya majibu hayo, hata ikiwa nakala halisi. Ni vyema pia kuuliza kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, kwa kuwa deni hilo hukwamisha uhamisho.

Ambako kiwanja hakijapimwa, jambo linaloweza kutokea zaidi katika kata za pembezoni kama Mtamaa, Mwankoko na Unyambwa, hakuna daftari la kupekua. Hapo mwenyekiti wa mtaa na majirani wana umuhimu wa kweli: wanamfahamu muuzaji, historia ya eneo na mipaka yake. Lakini idara ya ardhi ya Manispaa ndiyo inayojua kama eneo limetengwa kwa barabara, shule au matumizi mengine ya umma. Kwa wanaovutiwa na viwanja vya kando ya Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Bei nafuu ya kiwanja cha aina hiyo ina sababu yake.

Swali linalofuata ni nani hasa mwenye haki ya kuuza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina moja. Nyumba ya marehemu nayo huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo pekee hautoshi, hata ukiwa na saini ishirini.

Kuhusu wakili, kosa la kawaida ni kumtafuta baada ya fedha kutoka. Kazi yake yenye thamani kubwa iko mwanzoni, wakati mnunuzi bado anaweza kujitoa. Mfumo wa Mahakama wa e-Wakili unamwezesha mwananchi kuandika jina la wakili na kuona kama yumo katika orodha na kama ameruhusiwa kufanya kazi kwa mwaka husika, kwa sababu leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka. Wapo vishoka wenye ofisi na mihuri, ila majina yao hayamo katika mfumo huo. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamtaka anayeandaa hati ya aina hii aandike jina na anwani yake kwenye hati yenyewe. Mkataba usioonesha aliyeuandaa utiliwe shaka.

Je, wakili mmoja anaweza kuwahudumia muuzaji na mnunuzi? Huonekana ni nafuu, lakini mgogoro ukizuka hakuna anayejua yuko upande wa nani. Mnunuzi anashauriwa awe na wake, wakubaliane gharama kwa maandishi na adai risiti. Malalamiko ya kimaadili dhidi ya wakili husikilizwa na Kamati ya Mawakili.

Mkataba ukishasainiwa, hujazwa Fomu za Ardhi Na. 29, 30 na 35, kisha hufuata uthamini na kodi. Muuzaji mkazi hulipa kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida. Aliyejenga kwa shilingi milioni 20 akauza kwa milioni 40 atadaiwa milioni 2, ndiyo maana stakabadhi za saruji na mabati zisitupwe. Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1 ya thamani, yaani karibu shilingi 400,000 kwa nyumba hiyo. Wapo wanaoandika bei ndogo ili kukwepa kodi. Mbali na kuvunja sheria, mnunuzi hujiumiza mwenyewe: mauziano yakibatilika, atapata shida kudai zaidi ya kilichoandikwa.

Malipo yapitie benki, na sehemu kubwa ibaki hadi muuzaji akabidhi hati halisi pamoja na fomu zilizosainiwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa watu wawili wanapogombea ardhi, mwenye hati ndiye huchukuliwa kuwa mmiliki halali, isipokuwa ithibitike kuwa hati hiyo haikupatikana kihalali. Migogoro ya nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300 hufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na madai ya kurejeshewa ardhi yana ukomo wa miaka 12.