Ku barafu, haraka inavunja mkono

Wandugu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, tunawaandikia toka Ottawa, mji mkuu wa Kanada, kule maji yanakuwa magumu sawa jiwe. Sisi ni bibi na bwana. Bwana, miaka 46, alishuka chini ya udongo miaka tisa kule Kolwezi. Bibi, miaka 41, alikuwa anauzisha samaki ku soko. Na sasa, watu wazima hivi, tunajifunza kutembea ku barafu na viatu vya visu, vile Wafaransa wanaita patini.

"Muko na wazimu?" shemeji alituuliza ku telefone.

Si wazimu. Katikati ya mji huu kunapita mfereji wa Rideau, uliochimbwa kati ya 1826 na 1832. Wakati wa baridi kali, barafu ikiwa nzuri, kilometa 7,8 zinafunguliwa kwa watu wote, bila kulipa. Wengine wanapita pale kwenda ku kazi. Mtoto wetu wa miaka tisa alijifunza na wenzake wa masomo. Siku moja alituuliza: "Papa, mama, juu ya nini munabakiaka paka pembeni?" Neno lile lilituuma.

Posho la kwanza tuliingia vibaya. Bwana alitoka ku kazi ya usiku, hakulala, hakula, alikunywa kahawa tu. Alisema: mwanaume wa mine haogope. Alizunguka saa moja na nusu bila kupumzika. Kiisha akaanguka nyuma, akatanguliza mkono. Munganga alisema mfupa haukuvunjika, lakini asibebe mizigo majuma matatu. Na kazi yake ni kubeba mizigo. Mwezi ule mama yetu wa Kolwezi hakupata falanga za dawa.

Usiku tulikaa mezani, tukaulizana: ni barafu ilituangusha? Hapana. Ni njaa, usingizi na haraka. Mu mine, kapita mzuri hamwachi mutu mwenye hajalala ashuke. Hapa tulikuwa tumesahau.

Chakula

Sasa tunakula saa mbili ao tatu mbele ya kwenda: bukari kidogo, maharagi ao samaki, na majani. Si kujaza tumbo, maana bukari nyingi na mafuta mingi inaita kitanda. Kama saa imekaribia, ndizi moja ao mukati inatosha.

Maji pia. Baridi inadanganya: husikii kiu, lakini chini ya koti unatoka jasho. Tunabeba chai ya moto. Tukirudi, tunakula mayai, maharagi ao ndagala, juu nyama ya miguu ipate kujijenga tena.

Na bia? Watu wanasema inapasha mwili. Ni uongo. Inapeleka damu ku ngozi, joto inatoka inje, na miguu inakosa usawa. Bia inangoja nyumbani.

Mapumziko

Mwenye kutoka ku kazi ya usiku analala kwanza. Mutu mzima anahitaji saa saba za usingizi ao zaidi. Hata kichwa kinajifunza katika usingizi: kitu mguu ulikataa jana, leo unakubali.

Mapaja yanauma kesho yake, na mara nyingi siku ya pili yanauma zaidi. Kwa hiyo tunaenda paka siku ya tatu na posho. Siku zingine mwili unajitengeneza.

Mwendo

Dakika 20 ku barafu, dakika 10 ku kiti, dakika 15 tena, kiisha nyumbani. Tunatoka tukiwa bado na nguvu, maana mutu anaanguka zaidi akichoka. Magoti yanakunjwa, macho yanaangalia mbele, kaske iko ku kichwa sawa mu mine. Ukiona unaanguka, anguka kando, ku paja, usitanguliza mkono.

Juma la kwanza tulitembea sawa bata. Juma la tatu tukaanza kuteleza. Mwezi wa pili tukashuka ku mfereji na mtoto katikati yetu, tukafanya kilometa mbili. Yeye alitaka kuendelea mpaka mwisho. Tukamwambia: "Tutarudia." Alinuna mpaka tulipomununulia mukati wa kukaanga wenye sukari, wanaouzisha pale ku barafu.

Hata mfereji wenyewe haulazimishwi. Wanangoja barafu ifike karibu sentimeta 30 mbele ya kuruhusu watu. Baridi ya 2022-2023 haikufika. Wakubwa walingoja, wakapima, wakapima tena, na mfereji haukufunguliwa hata siku moja, mara ya kwanza katika miaka zaidi ya 50.

Kule kwetu barafu haiko. Lakini tunajua wababa wenye kupita miaka 40, wanaotoka ku kazi ya usiku siku ya yenga na kukimbilia mupira wa wazee, tumbo tupu, juu wasichekwe. Kwao tunasema: kula, lala, cheza nusu moja ya kwanza. Nusu ya pili itakuja juma lingine.

Mkono wa bwana umepona. Mwezi huu mama wa Kolwezi alipata falanga zake.