Manjano na Seli Zisizokubali Kufa

Kila siku mabilioni ya seli za mwili wa binadamu hufa kwa utaratibu. Seli iliyoharibika hujikunja, kiini chake hukatika vipande, kisha seli nyingine huimeza. Mwaka 1972 wataalamu Kerr, Wyllie na Currie waliuita mwendo huo apoptosisi, neno la Kigiriki linalotaja kupukutika kwa majani.

Katika saratani ya mlango wa kizazi utaratibu huu huvurugwa na virusi vya papiloma, hasa vya namna ya 16 na ya 18. Virusi huifanya seli itengeneze protini iitwayo E6, ambayo huisababisha protini nyingine, p53, iharibiwe. Nayo p53 ndiyo mlinzi aamuaye kwamba seli yenye kasoro ife. Mlinzi akiondolewa, seli mbovu huendelea kugawanyika. Mfano mashuhuri ni seli za HeLa, zilizotolewa mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani, katika uvimbe wa Henrietta Lacks, pasipo kuombwa ridhaa yake. Mwenyewe alifariki mwaka huo huo. Seli zake zingali zikikuzwa maabarani hata leo.

Kurkumini, yaani kile kiini cha rangi ya manjano tutiayo katika mchuzi, ikimiminwa juu ya seli hizo hupunguza E6, na seli huanza kujiua. Habari hii inasisimua. Lakini sahani ya kioo haina tumbo wala ini. Mtu alapo manjano, sehemu kubwa ya kurkumini hupita bila kufyonzwa, na ile kidogo ipenyayo hubadilishwa upesi. (Hata chumvi ikizidi huua seli katika sahani!) Mgonjwa aliyeshauriwa kunywa manjano badala ya kwenda hospitali hupoteza miezi ambayo uvimbe haupotezi.

Hata hivyo, mimea imekwisha kutoa dawa ya kweli. Muundo wa paklitakseli, itokanayo na magome ya mti Taxus brevifolia wa magharibi ya Marekani ya Kaskazini, ulitangazwa mwaka 1971. Kibali cha kuitumia hospitalini nchini humo kilipatikana mwaka 1992. Dawa hii hukaza nyuzi zinazotenganisha kromosomu, hata seli ikakwama katikati ya kugawanyika na kufa. Wagonjwa ambao saratani hiyo imewaenea hupewa mshipani pamoja na sisplatini, kwa kipimo kinachokadiriwa kufuatana na ukubwa wa mwili wa kila mmoja.