Kuanguka Hugharimu Alama Ngapi? Ustahimilivu wa Nathan Chen kwa Hesabu

Tarehe 16 Februari 2018, katika ukumbi wa barafu wa Gangneung, Korea Kusini, Mmarekani Nathan Chen, aliyekuwa na miaka 18, alimaliza programu fupi ya mchezo wa kuteleza kwenye barafu katika Michezo ya Olimpiki akiwa wa 17. Kesho yake aliwashinda wote katika programu ndefu na kupanda hadi nafasi ya tano. Miaka minne baadaye, jijini Beijing, alitwaa medali ya dhahabu. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mtu aliyeanguka akainuka, na usimulizi huo si wa uongo. Hata hivyo, unaacha swali moja bila jibu: katika mchezo unaohesabiwa kwa alama, ustahimilivu wa mwanamichezo huonekana wapi hasa? Ili kulijibu, yatupasa kwanza kuelewa alama hizo zinavyopatikana.

Tuanze na mchezo wenyewe. Kwetu Afrika Mashariki viwanja vya barafu ni nadra. Ule wa Hoteli ya Panari jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005, ndio uliofahamika zaidi. Mchezaji huvaa viatu vyenye ubapa mwembamba wa chuma chini yake, huteleza akifuata muziki, na humo ndani hutekeleza miruko, mizunguko ya mahali pamoja, na mfululizo wa hatua. Ubapa huo umechongwa mfereji katikati, hivyo una kingo mbili, ya ndani na ya nje. Upande wa mbele una meno madogo. Aina ya mruko hutambulika kwa ukingo ambao mchezaji anaondokea, na kwa kuangalia kama amechoma barafu kwa meno hayo au la.

Kati ya miruko yote, Lutz ndio utakaotufaa zaidi katika uchambuzi huu. Mchezaji huteleza kinyumenyume kwa muda mrefu, uzito wote ukiwa kwenye ukingo wa nje wa mguu mmoja, akichora upinde mpana. Kisha hunyoosha mguu wa pili nyuma, huchoma barafu kwa meno ya kiatu, na kuruka. Ugumu uko hapa: upinde ule unamvuta upande mmoja, naye anatakiwa azunguke upande wa pili. Akishaondoka chini, hukunja mikono kifuani na kubana miguu, kwa sababu mwili ukisogezwa karibu na mhimili wake huzunguka kwa kasi zaidi. Katika Lutz wa mizunguko minne, mizunguko yote lazima ikamilike katika muda usiofika sekunde moja, halafu atue kinyumenyume kwa mguu mmoja. Pembe ikikosewa kidogo wakati wa kuondoka, kosa hilo hukua katika kila mzunguko. Ndiyo maana mara nyingi anayeanguka alikwisha kuharibikiwa kabla hajaacha barafu.

Sasa tuje kwenye alama. Hadi mwanzoni mwa karne hii, waamuzi walitoa alama zisizozidi 6.0, wakilinganisha mchezaji mmoja na mwingine. Kashfa ya waamuzi katika mashindano ya wawiliwawili kwenye Olimpiki ya Salt Lake City, mwaka 2002, ililazimisha mabadiliko. Mwaka 2004 Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kuteleza, linalojulikana kwa kifupi kama ISU, lilipitisha mfumo mpya unaojumlisha thamani ya kila tendo.

Mfumo huo una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni thamani ya msingi: kila mruko una kiasi chake kilichoandikwa katika jedwali, na mruko mgumu una thamani kubwa kuliko mwepesi. Ya pili ni alama za ubora wa utekelezaji, ambazo huongezwa au kupunguzwa kulingana na jinsi tendo lilivyofanyika. Ya tatu ni alama za uwasilishaji, zinazopima ustadi wa kuteleza, mpangilio wa programu na namna mchezaji anavyoufasiri muziki. Juu ya hayo yote, kila anayeanguka hukatwa alama katika jumla yake. Kwa kuanguka mara moja hukatwa alama moja.

Kwa mfumo huu, kuanguka kuna bei, na bei hiyo inaweza kukokotolewa. Chukua kanuni zilizotumika Gangneung. Thamani ya msingi ya Lutz wa mizunguko minne ilikuwa 13.6. Mchezaji aliyekamilisha mizunguko yote kisha akaanguka alipunguziwa alama 4.0 za ubora, akakatwa na ile moja ya kuanguka, akabaki na 8.6. Mwenzake aliyeamua kufanya Lutz wa mizunguko mitatu, akautua vizuri bila nyongeza wala punguzo, alipata 6.0. Maana yake, aliyeanguka katika mruko mgumu aliweza kumpita kwa alama 2.6 aliyesimama katika mwepesi. Kanuni zenyewe zilimlipa anayethubutu.

Jambo la pili la kuzingatia ni tofauti ya programu mbili ambazo alama zake hujumlishwa kumpata mshindi. Programu fupi ya wanaume huwa na nafasi tatu tu za miruko, na aina zake zimewekewa masharti: lazima uwepo mruko wa aina iitwayo Axel, mruko mwingine mmoja wa peke yake, na miruko miwili iliyounganishwa. Programu ndefu wakati huo ilikuwa na nafasi nane, na uhuru mkubwa zaidi wa kuzipanga. Kwa hiyo kosa moja katika programu fupi linagusa theluthi ya miruko yote, na nafasi za kulifidia ni chache.

Kwa msingi huo, yaliyomtokea Chen Gangneung yanaeleweka. Katika programu fupi alianguka kwenye Lutz wa mizunguko minne, na miruko miwili iliyofuata nayo ikawa na kasoro. Alipata 82.27, wakati Mjapani Yuzuru Hanyu aliyeongoza alikuwa na 111.68. Pengo la alama 29.41 haliwezi kuzibwa kwa siku moja dhidi ya mpinzani anayecheza vizuri.

Kesho yake Chen alijaribu miruko sita ya mizunguko minne, mitano ikatua safi na mmoja ukawa na kasoro. Alipata 215.08, huku Hanyu, aliyetwaa dhahabu, akipata 206.17 katika programu hiyo. Jumla ya Chen ikawa 297.35, pungufu ya nafasi ya nne kwa alama 0.42 tu. Hapa ndipo sifa nyingi humiminwa. Lakini mchambuzi anapaswa kuweka mambo mawili mezani. Kwanza, kwa kanuni za wakati ule, kuanguka hakukuwa ghali, kama tulivyokokotoa. Pili, mtu aliye wa 17 hana cha kupoteza. Uwezo ulionekana wazi siku ile, kwa kuwa hakuna atuaye miruko mitano ya aina hiyo kwa bahati. Ustahimilivu, hata hivyo, ulikuwa bado haujapimwa kikamilifu.

Mwezi mmoja tu baadaye, jijini Milan, Chen alikuwa bingwa wa dunia kwa alama 321.40, zaidi ya alama 47 mbele ya aliyemfuata. Kisha kanuni zikabadilika. Kuanzia msimu wa 2018–19 thamani ya Lutz wa mizunguko minne ilishushwa kutoka 13.6 hadi 11.5, na alama za ubora zikapanuliwa: badala ya ngazi tatu juu na tatu chini, zikawa tano juu na tano chini, kila ngazi ikiwa asilimia 10 ya thamani ya msingi.

Turudie hesabu ile. Anayekamilisha mizunguko minne ya Lutz kisha akaanguka, akipewa ngazi ya chini kabisa, hupoteza nusu ya 11.5, akabaki na 5.75. Ondoa alama moja ya kuanguka, zinabaki 4.75. Lutz wa mizunguko mitatu, ambao thamani yake ilikuwa 5.9, sasa unampita. Kwa upande mwingine, anayetua Lutz wa minne kwa ubora wa juu kabisa hupata 17.25, zaidi ya 16.6 za zamani. Anguko lilipanda bei, na utuaji wa ubora wa juu kabisa ukalipa zaidi. Mchezaji aliyejengwa na kanuni za zamani alikuwa na njia mbili: kupunguza ugumu, au kuubakiza na kujifunza kutokukosea.

Katika kipindi hichohicho Chen alijiunga na Chuo Kikuu cha Yale, Connecticut, akasoma takwimu. Kocha wake, Rafael Arutyunyan, alibaki California, upande wa pili wa nchi, hivyo mazoezi mengi aliyafanya bila kocha pembeni. Mwaka 2019, kule Saitama, Japani, alitetea ubingwa wa dunia kwa 323.42. Mashindano ya mwaka 2020 yakafutwa kwa sababu ya janga la korona.

Yafuatayo yalitokea Stockholm, Machi 2021, na ni muhimu kuliko yanavyotajwa. Katika programu fupi Chen alianguka tena, na tena kwenye Lutz wa mizunguko minne. Akawa wa tatu kwa 98.85, nyuma ya Hanyu aliyekuwa na 106.98. Mazingira yalifanana na ya Gangneung kwa juujuu tu. Safari hii alikuwa bingwa mtetezi, medali ilikuwa mkononi akicheza kwa tahadhari, na kila anguko jipya lingemgharimu zaidi kuliko lile la 2018. Hakupunguza ugumu. Aliweka miruko mitano ya mizunguko minne katika programu ndefu, akapata 222.03, akashinda kwa jumla ya 320.88.

Mtu angedhani kuanzia hapo njia ilikuwa nyoofu. Haikuwa hivyo. Oktoba 2021, katika mashindano ya Skate America jijini Las Vegas, Chen alikosea tena programu fupi na kupata 82.89. Kwa kuwa kanuni zilikuwa tofauti, alama hizo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na 82.27 za Gangneung; lakini aina ya tatizo ilikuwa ileile. Alimaliza wa tatu, na mfululizo wa ushindi aliouanza baada ya Olimpiki ya 2018 ukakatika. Zilikuwa zimebaki chini ya siku 120 kufika Beijing.

Alichofanya ni kuachana na programu alizoanzia msimu. Alirudi kwenye muziki alioutumia msimu wa 2019–20: “La Bohème” kwa programu fupi, na nyimbo za Elton John kwa programu ndefu. Tarehe 8 Februari 2022, jijini Beijing, alitua miruko yote mitatu ya programu fupi, ukiwamo ule Lutz, akapata 113.97, alama ambazo hakuna mwanamume aliyekuwa amewahi kuzifikia katika programu hiyo. Siku mbili baadaye alipata 218.63 na kushinda kwa jumla ya 332.60, zaidi ya alama 22 mbele ya Yuma Kagiyama wa Japani.

Kabla ya kuhitimisha, kuna pingamizi mbili za haki. Ya kwanza ni kwamba tunawasifu waliofika, na kuwasahau waliostahimili sawasawa bila kupata medali. Mchezo huu ni wa gharama: barafu hukodiwa, makocha hulipwa, na wapo wanaoacha kwa kukosa fedha. Medali pekee haiwezi kuwa kipimo cha moyo wa mtu. Ya pili inatokana na Hanyu mwenyewe. Beijing, akiwa wa nane baada ya programu fupi, alijaribu Axel wa mizunguko minne na nusu, ambao hadi wakati huo hakuna aliyekuwa amewahi kuutua katika mashindano. Alianguka, akamaliza wa nne. Kwa hesabu ya alama uamuzi ule haukumfaidi. Alikuwa akifuatilia kitu kilicho nje ya jedwali la alama, na hilo nalo ni ustahimilivu, hata kama uchambuzi wa namna hii hauna chombo cha kuupima.

Kwa yale yanayopimika, basi, tunaweza kuweka masharti matatu. Jaribio la mchezaji linaonyesha ustahimilivu ikiwa kushindwa kuna gharama halisi, ikiwa anayejaribu ana cha kupoteza, na ikiwa anaweza kulirudia pale lilipomshinda. Programu ndefu ya Gangneung, pamoja na uzuri wake, haitimizi masharti mawili ya kwanza. Ya Stockholm inayatimiza yote mawili. Programu fupi ya Beijing inatimiza na la tatu, kwa sababu ilikuwa sehemu ileile ya mashindano na mruko uleule uliomwangusha.

Hukumu inayofuata ni hii: anayetaka kumsifu Nathan Chen kwa haki asiishie kwenye siku aliyopanda kutoka nafasi ya 17 hadi ya tano. Siku ile ilionyesha kipaji. Kukua kwake kulionekana Stockholm, pale ambapo tahadhari ingemlinda na medali ingekuwa yake, naye akachagua mpango mgumu. Kanuni zilizoanza msimu wa 2018–19 zilikuwa zimeondoa ruzuku ya kuthubutu. Aliyeendelea kuthubutu baada ya hapo alifanya hivyo kwa gharama yake mwenyewe.