Likizo nafuu Ngara na Biharamulo: hesabu ianzie barabarani

Anayepanga likizo ya Zanzibar huanza kwa kuuliza bei ya chumba. Anayekwenda Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, akianza na swali hilo, hesabu yake itamkataa mapema. Gesti za wilaya hizi hazimalizi mfuko wa mtu, na sahani ya ndizi na maharage haina bei ya kitalii. Fedha huliwa na usafiri, kwa sababu vivutio vimetawanyika. Kwa hiyo bajeti ya huku hupangwa kwa kufuata barabara.

Kutoka Mwanza mambo yamekuwa mepesi. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kero ya kusubiri kivuko. Kutoka hapo unapita Sengerema, Geita na Bwanga hadi Biharamulo. Msafiri wa Dar es Salaam hupita Dodoma, Singida na Kahama hadi Nyakanazi, kisha Lusahunga na kuingia Ngara. Hiyo ndiyo njia ya malori yaendayo Rusumo, mpakani mwa Rwanda, na Kabanga, mpakani mwa Burundi, hivyo usafiri wa abiria haukosekani. Kanuni ya kwanza ni hii: safari ndefu panda basi, vipande vifupi panda mchomoko (gari dogo la abiria) au bodaboda, na gari la kukodi liweke kwa ajili ya siku ya hifadhini tu.

Hifadhi yenyewe ni Burigi-Chato. Ilianzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na ina zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Humo kuna Ziwa Burigi lenye viboko, na porini wamo tembo, twiga, nyati na nyamera. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni wa nje, basi usisahau kitambulisho. Uliza ofisi za Hifadhi za Taifa (TANAPA) mapema kibali kinadumu saa ngapi, ili upange muda wa kuingia usije ukalipa mara mbili.

Kiingilio hulipwa kwa kichwa, lakini gari hulipwa kwa gari. Tuseme gari limekodishwa kwa shilingi 250,000 kwa siku. Mkiwa wawili, kila mmoja anatoa 125,000. Mkiwa watano, kila mmoja anatoa 50,000. Hakuna punguzo la chumba litakalokuokolea kiasi hicho. Tafuta wenzako kabla ya kutafuta hoteli.

Vivutio vingine havihitaji gari la kukodi. Biharamulo mjini kuna boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20. Rusumo nako basi linakufikisha. Juu kidogo ya maporomoko, mto Ruvubu utokao Burundi unakutana na maji yatokayo Rwanda, na Mto Kagera unaendelea hadi Ziwa Victoria, ukihesabiwa kuwa miongoni mwa vyanzo vya mbali kabisa vya Nile. Sehemu ya maji hupitishwa kwenye mitambo ya megawati 80 inayomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, kwa hiyo maporomoko hupendeza zaidi mvua zikiwa zimekolea. Kumbuka pia kwamba hapo ndipo wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24 mwishoni mwa Aprili 1994, wengi wakaishia kambi ya Benako. Leo Benako ni kituo cha malori, na ni mahali pazuri pa kulala kwa bei ndogo.

Mpenzi wa gofu naye ana njia yake. Viwanja vinavyofahamika nchini viko Dar es Salaam, Morogoro, Moshi na Arusha, mbali mno na Kagera. Aliyeko Ngara yuko karibu zaidi na Kigali, kwenye uwanja wa mashimo 18 uliosanifiwa upya na kampuni ya Gary Player. Beba pasipoti, lala Kigali usiku mmoja wa mchezo, na siku zilizobaki lala upande huu kwa bei ya gesti. Ukiomba nafasi ya kucheza saa 2 asubuhi, jua kwamba saa ya Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Kama unaendesha mwenyewe, ukivuka Rusumo unahamia upande wa kulia wa barabara.

Msimu nao una gharama zake. Juni hadi Agosti ni kiangazi: njia za hifadhini hupitika na wanyama husogea majini. Machi hadi Mei mvua huweza kukwamisha gari, na siku ya kukwama inalipiwa kama siku nyingine. Ngara iko juu, zaidi ya mita 1,500, hivyo chukua sweta. Hifadhini epuka nguo nyeusi na za buluu, maana huvuta mbung'o. Jua la Ngara huchomoza karibu saa 1 asubuhi, kwa hiyo usipange kuondoka alfajiri ukitegemea mwanga, safiri mchana.

Kabla ya kulipa chochote, andika mambo matatu: mko wangapi, gari mtalihitaji siku ngapi, na mwezi gani. Ukishayajibu hayo, bei ya chumba itakuwa jambo dogo.